Mgeni aliyemwachia mama yako jina

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Bibi yako amepona mguu, na ng'ombe amezaa. Wageni wa Julai wamejaa hapa Marangu, hata kwaya imebaki na wanawake peke yao. Wanaume wako mlimani, wanawabebea mizigo.

Umeuliza kwa nini mama yako anaitwa Ingrid. Ni jina la mwalimu mstaafu wa Uswidi niliyembebea mizigo nikiwa kijana. Alikuwa ametamani kufika kileleni miaka mingi. Tulipofika kibanda cha Kibo, cha mwisho kabla ya kilele, nikaugua ghafla, pumzi ikanikatika. Kiongozi wetu akamweleza mwalimu kwamba kunishusha kunahitaji watu wote, kwa hiyo yeye asingefika juu.

Akauliza, "Kijana huyu ana mama?"

"Anaye, yuko Marangu."

"Basi tumpeleke kwa mama yake."

Wakanibeba, na huku chini pumzi ikarudi. Kabla ya kurudi kwao, mwalimu alikuja nyumbani kunitazama. Nikamwomba radhi kwa kumharibia safari. Akatikisa kichwa, akaomba aonyeshwe namna ya kupika mtori, supu yetu ya ndizi. Wakaingia jikoni, yeye na mama yangu, hawana lugha moja, nikawasikia wakicheka.

Namshukuru hadi leo.

Babu yako,
Elia