Njia ya Kufika kwa Saumu

Baraka, 4/2/2024

Mudogo wangu Saumu,

Salaam aleikum. Muguu unaendeleaje? Uvimbe umeshuka? Mimi niko muzima, ni mugongo tu.

Jamani, si aibu hii! Katikati yetu iko parsele ya jirani moja tu, na bado nakuandikia kama muntu wa mbali kule Kalemie. Tangu yule jirani wa katikati ajenge ukuta, kuja kwako nazunguka barabara kubwa na soko nzima, na moto, zile pikipiki za kubeba bantu, haiingii kwenye vichochoro vyenu. Zamani nilikuletea bukari toka jiko langu ikiwa bado inatoa moshi. Sasa we huwezi kutembea, na mugongo wangu unakataa. Unakaa peke yako siku nzima, na hilo linaniuma sana.

Nasikia bantu ba serikali banapima barabara mpya. Naenda kwenye bureau yao kuomba ipite kwetu, nitakaa pale mpaka banichoke. Barua nampa Émilienne anayeuza samaki ya ndagala, yeye anazunguka mji wote.

Yaya wako,
Mwavita

19/2/2024

Yaya Mwavita, dada yangu mukubwa,

Aleikum salaam. Muguu ungali muzito, lakini Mungu yuko. Nimekukumbuka mpaka nikapika chakula cha bantu babili, mi mujinga.

Enda, yaya, kusumbua bantu ulijua tangu utoto. Ila niambie kweli: barabara itavunja nyumba ya nani? Sitaki njia ya kuja kwangu imutoe muntu machozi.

Mudogo wako,
Saumu

30/5/2024

Saumu wangu,

Salaam nyingi. Umekunywa dawa? Usinidanganye.

Bamekubali! Jirani wa katikati anapewa kiwanja pahali pengine, hana neno. Mengine usiulize, unauliza kama polisi. Ngoja tu mashine.

Yaya wako

12/8/2024

Yaya,

Salaam, kama unazipokea. Wiki hii nimeandika mara mbili, Émilienne akanirudishia barua, akakimbilia soko.

Leo mashine imekuja. Ukuta ulianguka, nikapiga vigelegele kwenye kiti changu. Vumbi lilipotulia nikatafuta jiko lako. Hakuna jiko, hakuna nyumba, naona mpaka ziwa. Émilienne ndipo akalia, akasema ulihama wiki iliyopita.

Ulijua, sivyo? Nyumba aliyotuachia baba! Nani alikutuma? Ningebaki peke yangu mpaka kufa kuliko hivi. Nimekasirika, Yaya. Nimekasirika sana.

Saumu

15/8/2024

Mudogo wangu,

Salaam aleikum. Muguu je?

Nilijua. Siku ya kupima, mustari wao ulipita juu ya kitanda changu. Nikatia sahihi, nikanyamaza, maana ungenikataza.

Bamenipa kiwanja huku juu, nyuma ya mashamba ya mihogo. Mihogo yenyewe inaisha, kila siku bantu banaweka matofali. Majirani siwajui bado. Kwa miguu ni saa mbili mpaka kwako. Nilitaka kukusogelea, ona nilipofika!

Lakini njia iko wazi sasa, moto itanishusha kwenye mulango wako. Ijumaa nakuja. Kama ungali na hasira, nikasirikie nikiwa nimekaa karibu yako.

Yaya wako,
Mwavita