Ubao Mwepesi

Alhamisi, 3 Mei 2007

Baba Prisca amerudi. Sikumtarajia kabla ya Juni. Ameingia na begi lake la kitambaa, akakaa kwenye kigoda uani bila kuvua viatu.

Hoteli imeuzwa. Ile ya shirika kule Kigamboni, aliyolinda waogeleaji wa ufukwe wake tangu Prisca hajazaliwa. Mwekezaji anabomoa, anajenga upya. Walinzi wote wameambiwa waende makwao. Mwezi ujao warudi kufanya mtihani, na watakaopita watapewa mkataba. Si mtihani wa kuogelea tu. Wageni wa siku hizi wanataka kufundishwa kusimama juu ya ubao, kafi mkononi, na kupanda mawimbi. Kila mwalimu aje na ubao wake. Wake mwenyewe! Zamani shirika lilitoa hata sabuni ya kuogea.

Mchezo anaujua. Mgeni mmoja alimfundisha mwaka jana. Anasema ni kama kusimama nyuma ya lori la kabichi likishuka kutoka kwao Mgeta — miguu inajua yenyewe. Tatizo ni ubao. Uwe mwepesi. Wakati tunakula amelisema neno hilo tena na tena. Mwepesi, Mama Prisca. Mwepesi kabisa.

Jumamosi, 5 Mei

Kuna Mdenmaki anafundisha chuoni, anarudi kwao, anauza vitu. Anao ubao wa namna hiyo hiyo! Tumekwenda naye bwawa la Mindu, ubao umefungwa juu ya gari. Masika yamelijaza bwawa hadi kwenye majani.

Wilfred alisimama. Sijawahi kumwona mume wangu akifanya kazi yake, miaka yote hii. Mrefu, mgongo umenyooka, anakata maji kama anakata mkate. Hata wavuvi waliacha nyavu wakamtazama. Nilijisikia vizuri.

Kisha akatoka majini, akasimama kando ya ubao pale chini. Muda mrefu. Hakuinama. Mdenmaki akauliza kama kuna kitu. Akajibu ubao mzuri ila mzito, ubao mzito hauwahi wimbi.

Nikashika upande mmoja, Mdenmaki upande mwingine, tukaupakia. Mzito gani? Mimi nabeba tenga la nyanya kila siku sokoni. Na mtu alikuwa anautoa karibu bure.

Jumatano, 9 Mei

Sasa ni Said. Fundi wa faiba hapa mtaani, anayeziba matangi na bampa za magari. Alianza na povu jeupe, lile la maboksi ya samaki. Alipopaka dawa ya faiba, dawa ikalila povu lote. Likazama katikati kama uji. Said alicheka sana. Baba Prisca hakucheka, aliuliza tu itachukua muda gani kuanza upya.

Said amepata povu la njano, la kuta za chumba cha baridi. Hilo dawa hailili.

Leo asubuhi kikombe kimemponyoka. Chai yote sakafuni. Amesema kilikuwa na mafuta.

Jumapili, 13 Mei

Tumepanda Mgeta kusali na kumsalimia mama mkwe. Ukungu umekaa mlimani tangu juzi, njia zinateleza. Hii njia ya kutoka barabarani hadi nyumbani kwao ndiyo Baba Prisca aliyoipita mbio utoto wake wote. Leo alitembea nyuma yangu. Nasikia kiatu kimoja kinakwaruza. Hatua, kwaru. Hatua, kwaru. Kwenye kona ya shamba la njegere akaanguka. Si kuteleza — mguu haukunyanyuka, basi.

Kaka yake Bartholomeo akamtania kwamba mchanga wa pwani umemlegeza. Watu wakacheka, na yeye pia. Mama mkwe hakucheka. Alikuwa anatazama mwanawe anavyokula: mkono wa kulia juu ya sahani, wa kushoto pajani kama wa mgeni. Wakati wa kuaga alinishika kiwiko akaniuliza kama mwanawe analala vizuri. Nikasema analala. Sijui kwa nini nilidanganya. Usiku anastuka, nyama za bega zinamchezacheza zenyewe chini ya ngozi. Nimezihisi kwa kiganja changu.

Jumanne, 22 Mei

Said amemaliza. Ametengeneza mbao mbili, umbo moja, ili achague. Mmoja una matabaka mawili ya faiba, mwingine tabaka moja. Huo wa pili niliunyanyua kwa mkono mmoja, nikaogopa. Kitu kirefu kuliko mtu hakipaswi kuwa chepesi hivyo.

Said hakumung'unya maneno. Ule wa matabaka mawili ni wa miaka. Ule mwingine ni wa bwawani. Baharini, msimu huu wa upepo wa kusi, wimbi litaukunja.

Wilfred akauweka ule mwepesi kwapani, kwapa la kulia, akazunguka nao ua mzima. Akasema ndio huu.

Nilipobaki nyuma Said akaniita pembeni. "Shemeji, mimi natengeneza ninachoambiwa. Lakini huyu hachagui ubao wa mawimbi. Anachagua ubao anaoweza kuubeba."



Ijumaa, 25 Mei

Nimemshika mkono. Alikuwa anahangaika na vifungo vya shati, akanipa kisogo nisione. Nimeuvuta mkono wa kushoto nikauweka kwenye mwanga wa dirisha. Kati ya kidole gumba na cha shahada hakuna nyama. Shimo. Kama mkono wa mzee sana. Ana miaka arobaini na moja.

Nikauliza tangu lini. Tangu Krismasi. Amekwenda hospitali? Amekwenda, kule Dar, bila kuniambia. Mishipa ya fahamu inakufa, ilianzia mkononi, sasa imeshuka mguuni. Itaendelea. Dawa hakuna.

Nimekaa kitandani. Nikamwambia basi aache mtihani, tutaishi kwa meza yangu ya mboga, tutauza hata kiwanja. Akaniacha nimalize. Kisha akasema polepole, kama mtu aliyekwisha kulifikiria jambo hadi mwisho wake:

"Mkataba una bima, Irene. Nikipita, siku nikilala watanihudumia, na nyie pia. Nikiugua nikiwa nyumbani, mimi ni mzigo wako peke yako."

Haniiti Irene. Toka tufunge ndoa haniiti Irene.

Nikamfunga vifungo.

Jumamosi, 2 Juni

Mindu tena, mimi na yeye na ubao wa Said. Upepo ulishuka kutoka milimani ghafla, ubao ukapeperuka juu ya maji kama jani, yeye juu yake. Alijitahidi kuurudisha. Kafi likamtoka mkono wa kushoto, akalikamata kwa mkono wa kulia. Likamtoka tena. Akapiga magoti, akapiga maji kwa kiganja kimoja, anazunguka tu mahali pamoja. Mvuvi mmoja ndiye aliyemvuta hadi nchi kavu.

Kurudi, ubao niliubeba mimi.

Alhamisi, 7 Juni

Prisca amepiga simu kutoka shuleni, anamtakia baba yake heri ya mtihani. Wameongea wakicheka. Alipokata simu akabaki ameishika sikioni.

Nimesema nakwenda naye Kigamboni. Hakubisha.

Jumamosi, 9 Juni

Kigamboni. Naandika nimekaa mchangani. Mikono yangu inataka kazi.

Bahari ni chafu leo, ya kahawia, mawimbi yanapiga yanarudi. Wanaofanya mtihani ni wachache, vijana wote isipokuwa yeye. Meneja mpya yuko chini ya turubai, miwani ya jua, anaonekana mtu mwema. Amenipa hata kiti, nimekiacha. Amesema Wilfred ni mkongwe wa hapa, anamtegemea.

Kabla Wilfred hajaingia majini aliniita nyuma ya vyoo. Alikuwa na kitambaa, kipande cha shuka. Akaweka mkono wa kushoto juu ya mpini wa kafi, akavikunja vidole kimoja kimoja kwa ule wa kulia. Vikafunguka. Akavikunja tena, akanitazama.

"Nifunge."

Nikamwambia hapana. Akasema wakiita jina lake hatakuwa na muda. Macho yake yalikuwa makavu kabisa. Wakaita jina lake.

Nimefunga. Nimekaza, kama navyokaza magunia ya karoti yanayokwenda safari ndefu. Mafundo mawili. Akalivuta shati la mikono mirefu likafunika. Akaniambia asante, Mama Prisca.

Amevuka povu la kwanza. Amesimama. Anaonekana mzuri, mgongo umenyooka, meneja anaandika kitu. Ameupita mstari wa pili wa mawimbi. Sasa amegeuza ubao, anangoja, na nyuma yake maji yanainuka.

Kamba inayomfunga na ubao iko mguuni. Kafi liko mkononi. Nimewaza sasa hivi tu, sikuwaza pale: akipinduka, mafundo hayo atayafungua kwa mkono upi — ule wa kulia lazima aogelee nao.

Meneja amesimama. Wote wamesimama. Wimbi limempindua. Naacha kalamu, naingia majini.