Ndengu za Kalekye

Kasikeu,
Jumatatu ya Pasaka, 1984

Mwaitu,

Pasaka ya kwanza bila wewe, mama yangu, imepita, na kanisa limenuka.

Darasa lako la nasari nililifundisha vile nilivyokuona ukifanya. Watoto walipaka mayai rangi ya maganda ya vitunguu, wakayala kabla rangi haijakauka. Alhamisi kila mtoto akazika ndengu zake kwenye mkebe, ili Jumapili wazazi wazione zimechipuka. Nikawaambia maneno yako, kwamba mbegu hufa kwanza, halafu huamka.

Kalekye wangu hakuchukua ndengu za gunia. Alichota kwa sufuria iliyokuwa jikoni. Niligundua Jumamosi, nikimsikia akiwaringia wenzake kwamba zake ni laini, zitaamka mbele ya za wengine. Nikamweleza kuwa ndengu zikipikwa zimekufa kabisa. Akaniangalia kwa huruma.

"Kwani Yesu alikufa kidogo?"

Nilitaka kubadilisha mbegu akiwa nje anacheza, lakini nikakumbuka ulivyokuwa ukisema: "Mtoto usimdanganye. Danganya mzee, yeye amezoea." Nikauacha mkebe. Moyo ulikuwa mzito, Mwaitu. Tangu tukuzike anauliza wewe susu yake, bibi yake, utaamka lini, na jibu alikuwa analingojea kwa ule mkebe.

Jumapili tukaipanga mikebe mbele ya kanisa. Ya wengine ilikuwa imetoa vichwa vya kijani. Wake ulikuwa umetoa povu. Yule mzee wa kanisa uliyemwita Redio aliinama kuutazama, akarudi nyuma upesi, akauliza ni nini kimeoza hapa.

Kalekye akamjibu bila haraka, "Hata Lazaro alinuka, mzee."

Watu walicheka mpaka pasta akajificha nyuma ya Biblia. Mimi sikucheka, kwa sababu mtoto alikuwa ameanza kuchimba kwa kidole. Alichimba, akachimba, mpaka nikataka kumshika mkono. Ndipo akainua ndengu moja. Ilikuwa na mkia mweupe.

Unakumbuka Baba alivyolalamika kila jioni kwamba ndengu zako zina mawe, kwamba siku moja utamvunja jino? Ulikuwa unapika mbiombio ili uwahi darasa. Na mimi napika hivyo hivyo. Hiyo moja ilikataa kuiva.

Baba alikuwa benchi ya mbele. Aliishika, akaigeuza kiganjani, akasema polepole, "Hii ni ya mama yenu." Alicheka, halafu akatafuta kitambaa chake mfukoni muda mrefu.

Tumeipanda kando ya mlango wa darasa. Kalekye anaimwagilia maji kupita kiasi. Ameniuliza tena juu yako, nami nikamwambia ninaloliamini: susu ataamka, lakini siku yenyewe anaijua Mungu. Akasema basi ni sawa, hata ndengu hazikuamka zote pamoja.

Lala vyema, Mwaitu. Darasa lako sitaliacha, na mapishi yako pia, Baba avumilie tu. Wewe nawe utukumbuke.

Mwanao,
Mwende