Fyuzi ya Gari la Njuki

Soko la Runyenjes,
Jumapili, baada ya kanisa

Kwa dada yangu mpendwa Wambeti,

Nakusalimu wewe na Purity, nikiomba barua hii iwakute mkiwa na nguvu, na kwamba baridi ya Timau haijawaonea sana. Kifua chako kinaendeleaje? Siku ya mazishi ulikohoa tangu asubuhi, na nilitaka kukuletea maji ya moto lakini nikashindwa kukukaribia. Mimi mwili ni mzima. Kahawa ya nyumbani imeanza kuiva, na ng'ombe wa marehemu Mama alizaa Jumanne, ndama jike.

Uliponipigia simu uliniomba niandike, kama fundi wa redio za magari, yale niliyoyaona kwenye gari la mume wako, ili umpe kiongozi wa mashtaka kabla ya kesi ya Kithaka siku ya Alhamisi. Ulisema niandike Kiswahili cha shule, si cha gereji, na nisifupishe kitu. Sitafupisha. Ninachokuomba ni usome mpaka mwisho kabla ya kumpigia mtu yeyote simu.

Unajua Njuki aliniletea ile Probox mwezi wa tatu. Aliniambia amechoka kubeba abiria wa Embu na redio ya kunong'ona, anataka "mtu wa nyuma asikie ni kama ako kwa harusi." Nilimfungia amplifaya ya kukuza sauti, yenye chaneli nne, mbili za spika za milango ya mbele, mbili za nyuma, kila spika na waya wake, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Amplifaya yenyewe niliilaza kwenye buti. Hata leo siwezi kuionea aibu sauti ile. Njuki alikaa kwenye kiti akafunga macho, akacheka peke yake.

Sasa nikueleze jambo moja la kazi yetu, maana kesi yote iko hapo. Amplifaya hula moto mwingi, yaani umeme, kwa hiyo huvutiwa waya mnene kutoka kwenye betri, unapita ukuta wa chuma ulio nyuma ya injini, unaingia chini ya zulia mpaka buti. Kwenye waya huo, karibu kabisa na betri, hukaa fyuzi. Waya ukichubuka ukagusa chuma, fyuzi huungua ili gari lisiungue.

Mwezi wa tano fyuzi ya Njuki iliungua, nikabadilisha. Baada ya wiki moja ikaungua tena. Ya tatu iliungua asubuhi ya harusi ya binti wa Gedion, gari limeshafungwa maua na Njuki ndiye wa kuongoza msafara. Fyuzi zilikuwa zimeniishia na duka la vipuri lilikuwa limefungwa. Njuki alinishika bega akaniambia, "Fundi, weka tu kitu, tutaongea Monday." Kikawekwa kitu. Fyuzi iliyoungua ilizungushiwa ile karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara, ambayo hupitisha umeme lakini haikatiki kama fyuzi, muziki ukarudi. Jumatatu Njuki alipita hapa akapiga honi. Nilikuwa na mteja, nikampungia mkono tu.

Siku ya msiba ilikuwa ile ya manyunyu. Njuki aliegesha kwenye kiwanda cha kahawa saa saba mchana akingoja abiria, akapandisha vioo, akalaza kiti, akalala muziki ukiimba. Kithaka, utingo wake, alivuta sigara kando ya gari kisha akaenda kunywa chai. Zulia liliungua polepole kwa chini. Watu walipouona moshi na kuvunja kioo, Njuki alikuwa ameshakata roho. Daktari alisema ni moshi, na kwamba hakuamka. Naomba iwe kweli.

Polisi walimshika Kithaka kwa sababu ya ile sigara. Kisha wakaniita mimi, fundi, nilitazame gari. Mbele ya betri niliiona fyuzi yenye karatasi ya fedha. Afisa aliniuliza ni nini hicho. Nilimjibu kwamba hiyo ni karatasi ya sigara, na kwamba ni kazi ya mtu mvutaji. Sikumtaja Kithaka. Haikuhitajika, kila mtu pale aligeuka akamtazama. Tangu siku hiyo yuko rumande Embu, na mimi nikaja nikabeba jeneza la shemeji yangu upande wa kichwa.

Ijumaa, Maxine, mke wa Kithaka, alikuja hapa gereji. Nilidhani amekuja kunitukana. Alikaa kwenye tairi, akasema mume wake hajui fyuzi inakaa wapi, kazi yake ilikuwa kuita abiria na kujaza maji. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, hiyo karatasi Kithaka aliitoa wapi. Akasema tangu wamejuana Kithaka hununua sigara moja moja kwenye kibanda cha Ngari, hajawahi kushika pakiti nzima mkononi. "Mwenye pakiti ni mwenye kununua pakiti," akasema, akanitazama, akainuka akaenda zake. Sijui kama anajua. Sijala tangu hapo.

Dada, pakiti ni yangu.

Wewe ulisimama kanisani mwaka ule nilipookoka, ukalia mbele ya watu wote, ukamshukuru Mungu kwamba nimeiacha sigara kabla Mama hajafa. Sikuiacha. Niliacha kuvuta mnapoona. Siwezi kununua sigara moja hapa Runyenjes, kila kibanda kina mtu wa kwaya yetu, kwa hiyo hununua pakiti nzima Embu mjini na kuificha ndani ya ganda la amplifaya mbovu, chini ya meza. Asubuhi ya harusi ile nilimwambia Njuki aende akanunue maji ya kunywa, ili asione nikiitoa. Hata yeye hakujua amewekewa nini.

Kuna lingine. Pale waya unapopita kwenye chuma huwekwa mpira wa kuulinda. Sikuweka. Fyuzi tatu ziliniambia waya unachubuka, na ningechukua nusu saa tu kutazama. Nilikuwa naogopa kuonekana nimekosea kazi. Nimemuua mume wako kwa uvivu na kwa aibu, halafu nikamwacha mtu asiye na kosa alale sakafuni kwa ajili yangu. Najichukia, Wambeti. Sikuombi unisamehe sasa.

Barua hii naituma na gari la vifurushi la leo, uipate kesho. Ndiyo ule ushahidi ulioniomba. Mpe kiongozi wa mashtaka kama ilivyo, usiondoe ukurasa. Kesho asubuhi nitakwenda kituo cha polisi na ile pakiti. Nimemwomba mchungaji anisindikize, bila kumwambia sababu.

Ndama nimemwandikia Purity, awe wake. Msalimie. Kama atauliza kwa nini mjomba hapokei simu, niachie mimi nimweleze.

Ni mimi mdogo wako,
Gichovi,
fundi aliyelifunga gari la Njuki.