Silinda ya Katikati

Jumatatu, 10 Machi 1986
Nimesafisha kabureta zote tatu za pikipiki yangu. Tena. Silinda za pembeni zinapigwa upepo, ya katikati imebanwa, inachemka kabla ya wenzake. Ikifa, pikipiki imekufa. Pistoni yake haipo Bukoba, haipo Mwanza.
Silas, rafiki yangu na msaidizi wangu wa gereji, alinishikia tochi bila kusema neno. Huyu ni domo kaya tangu tunakua. Siku tatu sasa anafanya kazi kama yuko msibani. Kuna kitu.

Jumatano, 12 Machi
Anatory kapita gereji. Bwana shamba wetu, mtu wa Muleba. Pikipiki yake ina silinda mbili na yeye ana kiburi cha kumi. Eti mbili zinatosha, nne ni za matajiri, sasa tatu ni za nini?
Nikampa vidonge vyake. Mbili zinatetemesha mpaka meno. Nne ni pana kama kitanda, ukilaza kwenye kona inakwangua chini. Tatu ni nyembamba, ni laini, na mlimani haikati pumzi. Kwenye mashindano ya Ulaya imewatoa watu jasho, nimesoma kwenye magazeti aliyoniachia yule padre mzungu pamoja na pikipiki yenyewe. Halafu mlio! Mbili zinagonga, nne zinalia kama cherehani, tatu zinaimba.
Kacheka. Kasema Jumatatu ya Pasaka tutaonana kwenye mbio za pikipiki, Nyabiyonza hadi Isingiro.
Silas hakunitetea. Alitazamana na Anatory. Nimeona kwa macho yangu.

Jumapili, 16 Machi
Baada ya misa nimemwona Silas anatoka kwa Anatory. Nimemuuliza. Eti alienda kusalimia. Silas? Huyu anayekwepa hata balozi wa nyumba kumi?
Amenunuliwa. Au ameniuza mimi.

Jumanne, 18 Machi
Ufunguo nalala nao.

Alhamisi, 27 Machi
Mvua imekatika mchana. Nimeipandisha mlimani, gia ya tatu, haikuhema. Mawe, mama yangu wee! Raha niliyosikia siwezi kuiandika. Silas alikuwa anaruka ruka pale juu. Nikajiona mjinga kwa kumshuku.
Jioni nimemkuta jikoni na dada yangu Koku. Nilipoingia wakanyamaza. Koku akaanza kumenya ndizi ambazo zilikwisha menywa. Sasa anamchimba hata dada yangu. Anataka kujua nini?

Jumatatu, 31 Machi. Pasaka
Niandike kama ilivyokuwa.
Injini hii hainywi petroli kavu. Lazima ichanganywe na oili, bila hivyo inaungua. Asubuhi petroli nilikuwa nimeipata, dumu zima, kwa kuhangaika wiki mbili. Niliitwa kuandikisha jina. Nikamwambia Silas: mafuta yamo kwenye dumu, malizia wewe. Nikaenda.
Milima miwili nilikuwa mbele. Anatory sikumwona hata kwenye vumbi. Mlima wa tatu mlio ukabadilika, silinda mbili zikawa zinaimba peke yake. Kisha ya katikati ikajamu, gurudumu likakaza, nikaenda mtaroni. Goti limechanika. Anatory akapita, akapiga honi.
Wamenirudisha kwa pikapu. Pale gereji kopo la oili limekaa. Halijafunguliwa.
Nilimtukana mbele ya watu wote. Nilisema umeniuza, mkimbizi wewe, rudi kwenu. Kwao ni Kibingo. Wazazi wake ndio waliokimbia wakavuka mpaka, yeye kazaliwa Kibingo.
Alijibu neno moja tu: "Ulisema mafuta yamo." Akaweka spana chini, akaondoka.

Jumanne, 1 Aprili
Nimefungua injini. Pembeni zina michubuko, zitapona. Ya katikati pistoni imeyeyuka upande. Nililia. Sioni aibu kuandika.
Koku kaniletea chai, kasimama mlangoni, kasema mwenye kosa ni mimi. Nusura nimrushie spana. Akasema akina Silas nyumbani, kwa lugha ya wazazi wake, wakisema amavuta ni oili, ni samli, ni ya kupaka. Petroli wanaiita lisansi. Kwa hiyo nilimwambia oili imo, na yeye akamalizia kwa kujaza tangi. Angeitiaje mara ya pili?
Mimi petroli nimeiita mafuta maisha yangu yote. Kila mtu anasema tia mafuta.
Nikamuuliza, wewe maneno ya kwao umeyajulia wapi?
Alitazama chini. Nikaelewa, na afadhali nisingeelewa.

Ijumaa, 4 Aprili
Anatory kaja. Nilidhani kaja kunikoga. Kavua kofia, kakaa kwenye tairi.
Silas alimwomba awe mshenga. Aje kwetu baada ya Pasaka kumposa Koku. Mimi alikuwa ananiogopa, ndiyo maana ya zile ziara na ule ukimya. Anatory alikwisha kubali. Juzi Silas kamfuata, kamwambia aache. Hawezi kuoa nyumba inayomwita mkimbizi.
Kabla ya kuondoka kasema mlima wa kwanza na wa pili hakuniona hata kwa mbali, na kwamba tatu ni kitu kingine. Nimengoja siku nyingi kusikia hilo. Halikunifurahisha hata chembe.

Jumapili, 13 Aprili
Nimekwenda Kibingo kwa miguu. Goti bado linauma.
Nilimkuta anapalilia buni. Maneno nilikuwa nimeyapanga njia nzima. Nikayasema yote, nikiwa nimesimama kati ya migomba, na jina la Koku nikalitaja. Alisikiliza mpaka mwisho. Alisema hana kinyongo. Mama yake alinipa maji ya kunywa.
Sisi tumebatizwa siku moja. Miaka yote salamu yake kwangu ni kofi la mgongoni na tusi.
Leo nilipofika aliweka jembe chini, akafuta mikono, akainamisha kichwa akasema, "Shikamoo, bwana."
Nikaitika marahaba. Sikujua niitike nini.