Ndiyo Niliyoisema Mahali Pako

Kasenga, Uvira
Tarehe 28 Julai 2024

Mpendwa mpwa wangu Raïssa,

Asalam aleikum. Pokea salamu za mjomba wako Sumaili na za nyumba nzima. U mzima, mama? Mgongo uliokuwa unakusumbua kwa kukaa sana mbele ya mashine umepoa? Unakula chakula cha moto au bado mkate na jibini? Ninasikia huko Uswidi mwezi huu jua halitaki kulala, basi ninajiuliza weye unalala saa ngapi. Hapa mtaani wote wanajua habari hiyo, maana niliwaambia kwamba kwenu watu wanaanika nguo usiku na asubuhi zimekauka.

Sisi tuko wazima. Ziwa limerudi nyuma kidogo, lakini nyumba za chini bado zina maji mpaka dirishani. Mke wangu Furaha analalamika goti, hasa nikimtuma. Duka la bati na misumari linaendelea. Minye mwenyewe sina ugonjwa. Nilienda kupima presha, muuguzi akasema hii ni presha ya kijana wa miaka ishirini. Huo si uongo, karatasi iko.

Ila tangu tumzike mama yako, dada yangu Aziza, mwezi wa tano, sisikii kitu. Sisemi nina huzuni. Huzuni naijua, nilimzika baba, nilimzika kaka. Hii ni kama mguu uliolala. Ninaugonga, najua ni wangu, haujibu. Kazini naenda, msikitini naenda, watu wakicheka nami nacheka. Siku ya arobaini niliwasimulia wageni namna kiboko alivyoingia dukani wakati wa mafuriko, akatazama bati zangu moja moja, akatoka bila kununua. Walicheka mpaka wakashika matumbo. Minye nilikuwa nasikiliza sauti yangu kama ya mtu wa redio.

Ninajua hujashika simu tangu siku ile uliyoangalia mazishi kwenye kioo cha simu. Sikulaumu. Ninakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu mdomo wangu unakimbia. Kwenye karatasi unatembea. Jirani yetu Ndihokubwayo anavuka kwenda Bujumbura kesho kutwa, ataiweka barua hii posta huko.

Sasa habari yenyewe. Nimekosa, Raïssa, na kosa limeandikwa kwa jina lako.

Wiki moja baada ya arobaini, walifika wageni nyumbani: Profesa Léopold, doyeni, yaani mkubwa wa fakilte, kitivo cha sayansi, hapa kwenye chuo chetu kikuu, pamoja na katibu wake Apollinarie. Walikuja na kreti ya soda, sukari na mchele. Walivua viatu, wakakaa mkekani vizuri. Doyeni akasema:

"Mzee Sumaili, pole tena kwa msiba. Tumekuja kama watu wanaokuja kuomba binti. Ila sisi hatuna bwana harusi, tuko na darasa."

Nikamwuliza, "Darasa lenyewe lina tabia gani?"

"Ni yatima," akasema. "Mwaka wa pili huu halina mwalimu."

Akaeleza. Hospitali imeahidiwa mashine ya kuchoma uvimbe kwa mwanga, ile ambayo mama yako aliandikiwa na hatukuweza kumfikisha ilipo. Akasema mashine hiyo ni ndugu mdogo wa ile unayofanyia kazi weye: nayo inasukuma chembe ndogo mpaka zikimbie kupita kiasi, na asiyejua kuzisukuma atamwunguza mgonjwa badala ya uvimbe. Mashine ikifika bila watu waliosoma, itabaki ndani ya masanduku, kuku watatagia juu yake. Kwa hiyo wanatafuta mwalimu wa fizikia hiyo, awafundishe vijana kabla haijafika. Wamekuandikia mara tatu kwenye kompyuta, hujajibu. Ndiyo maana wakaja kwa mjomba.

Furaha alikuwa amesimama mlangoni. Akasema mbele yao, "Weye Sumaili, jibu yako tu. Ya Raïssa, mwachie Raïssa."

Ningemsikiliza. Lakini umewahi kuona boti imefika pwani, watu wote wameshuka, na moteri imeachwa inalia peke yake? Mdomo wangu ulikuwa hivyo. Nikawaambia Raïssa amekwisha kubali, anafunga mizigo. Nikawaambia mashine yake ni ndefu kuanzia Uvira mpaka Makobola, na kwamba nilipokutembelea niliingia mlango mmoja nikatokea mwingine, mvi tatu zimerudi kuwa nyeusi. Apollinarie alitaka kuziona. Nikamwonyesha.

Doyeni akasimama akanishika mikono miwili. Akasema, "Ndiyo ya mjomba ni ndiyo." Wakanywa soda, wakaondoka. Furaha aliosha chupa bila kuniangalia.

Nilidhani imeisha pale, kama hadithi zangu zote zinavyoisha watu wakienda nyumbani. Hii haikwenda nyumbani. Doyeni aliandika ripoti Kinshasa kwamba nafasi imepata mtu, Raïssa binti Aziza, amekubali kwa kinywa cha familia. Waliokuwa wameomba wakaandikiwa kwamba mlango umefungwa.

Hilo nililijua kwa namna hii. Jumatatu iliyopita aliingia dukani mwanaume mmoja mrefu, wa miaka thelathini na kitu, viatu vimejaa udongo wa mlimani. Nikamwuliza anataka misumari ya namba ngapi.

"Sitaki misumari, baba. Minye ni Venant, wa Bijombo. Ni minye nilikuwa naomba ile nafasi aliyopata Raïssa."

Nikaangalia kwanza nyundo iko upande gani. Yeye akaliona jicho langu, akatabasamu.

"Hapana, baba, sikuja na hasira. Kama ni Raïssa, ni haki. Nilisoma fizikia Bujumbura, nimesoma kazi zake zote. Zile ambazo sikuweza kuzichapa kwenye karatasi nilizinakili kwa mkono. Ninaomba kitu kimoja tu. Ukimwandikia, mwambie anichukue niwe asistanti wake. Hata kufuta ubao, nitafuta."

Nikamkaribisha kiti. Nikamwambia nitakuandikia. Kisha akasogeza kiti karibu, akashusha sauti kama mtu anayeuliza jambo la ibada.

"Baba, doyeni anasema weye uliingia ndani ya mashine. Mule wanamosukuma chembe wanatoa hewa yote, haibaki hata punje. Ulipumua namna gani?"

Hakuwa ananicheka. Alitaka kujua.

"Nilibana pumzi," nikamwambia.

"Lakini ile ya Raïssa iko na urefu wa mita mia sita."

"Nilibana sana."

Akanitazama. Akatikisa kichwa polepole, kwa heshima ya mvi zangu, akasema, "Asante, baba," akaaga. Njia ya Bijombo ni ya siku nzima kwa miguu, na alikuwa ameishuka kwa ajili ya jibu hilo.

Nilipaswa kuona haya. Niliitafuta haya kama mtu anavyotafuta ufunguo mfukoni, sikuikuta. Lakini nilijua ilipaswa kuwa pale. Nikafunga duka mchana, jambo ambalo sijafanya hata maji yalipoingia, nikamwambia Furaha vaa, twende kwa doyeni.

Kule nilisema yote mara moja: Raïssa hajakubali, hajui hata kama mmekuja, hajaongea nasi tangu msiba, na minye Uswidi sijafika, nimefika Kigoma tu. Unajua walifanya nini? Walicheka. Apollinarie alifuta machozi. Doyeni akasema, "Mzee Sumaili, leo umekuja na hadithi kavu kidogo." Nikaapa. Akaniambia kiapo changu kinajulikana kuanzia Kalundu mpaka Mulongwe.

Ndipo Furaha akasema, "Bwana doyeni, minye nimeishi na huyu miaka ishirini na saba. Uongo wake huwa mtamu. Huu iko mchungu, basi ni kweli."

Kicheko kikaisha. Doyeni akageuza kalamu mezani mara nyingi. Hakunitukana. Akasema, "Mzee, niliandika Kinshasa kwa neno lako. Sasa siwezi kufuta kwa neno lako hilohilo, watasema sisi ni watoto. Safari hii nataka mkono wa Raïssa mwenyewe."

Mambo yako hivi, mwanangu. Mpaka tarehe 31 Agosti doyeni anangojea barua yako yenye sahihi yako. Ukisema ndiyo, nafasi ni yako. Ukisema hapana, na ukaandika kwamba umezisoma karatasi za fizikia alizoandika Venant na anaweza kazi, atawekwa yeye. Doyeni alisema mstari mmoja toka kwako unatosha. Lakini kisipofika kitu chochote, nafasi inarudi Kinshasa, haitakuwa yako wala ya Venant, na lile darasa linaingia mwaka wa tatu bila mwalimu. Mashine yenyewe, Mungu ndiye anajua itamkuta nani.

Ndani ya bahasha utakuta karatasi za Venant, alizozileta juzi nilipomtumia habari ya ukweli, na anwani ya doyeni. Zisome kwanza. Usimpe kwa huruma. Mwenyewe alisema hataki huruma, alisema anataka usahihishe ukurasa wa nane kwa sababu hapo hana hakika. Minye niliuangalia ukurasa huo muda mrefu. Niliona ni mzuri. Lakini nilitoka shule mwaka wa sita, na hilo pia siku hizi ninalisema.

Watu hapa wanasema yao. Wengine wanasema kurudi ni wajibu, wengine wanasema mtu mwenye akili hatoki kwenye umeme akaja kwenye mshumaa. Wote wana haki ya kusema kwa sababu si wao watakaopanda ndege. Minye sina upande. Sikudanganyi, nimejaribu kutaka moja kati ya hayo mawili na sijaweza kutaka kitu. Kutaka kwenyewe kutarudi lini, sijui. Ninachoomba ni kwamba uandike weye. Ukikataa, kataa kwa mkono wako. Ukitaka kunitukana ndani yake, nitukane, nitaisoma mbele yao kwa sauti.

Na kuna jambo moja la mwisho. Ningeweza kukuandikia kwamba mama yako alisema urudi. Weye hukuwepo, Furaha alikuwa jikoni, minye peke yangu nilikuwa nimekaa pembeni mwa kitanda. Hakuna wa kunikanusha mpaka Siku ya Hukumu. Maneno yenyewe nilikuwa nimeyapanga, yalikuwa mazuri, hata doyeni angelia. Hakusema, Raïssa. Asubuhi ile ya mwisho aliomba maji. Akauliza kama mvua imelowesha maharage yaliyoanikwa, nikamwambia hapana. Kisha akageukia ukuta, akalala. Hakusema urudi, hakusema ubaki. Hayo ndiyo niliyosikia, na sikuongeza kitu.

Furaha anakusalimu sana, anasema jifunike mgongo. Akram mwanangu anakusalimu pamoja na mke wake Divine; mtoto wao ameota meno mawili, minye nasema mawili tu. Bibi yako Olga wa upande wa baba, kule Makobola, anakuombea kanisani kama sisi tunavyokuombea msikitini, basi mlango mmoja ukifungwa mwingine utafunguliwa.

Mwenyezi Mungu akupe usingizi huko jua lisikolala, na aushike mkono wako siku utakayochukua kalamu.

Ni mimi nikupendaye, mjomba wako wa damu,

Sumaili