Mgongo wa Baba na Jicho la Kaylene

Old Massett,
Haida Gwaii

Kaka yangu Lorne,

Naomba barua hii ikukute u mzima, na baridi ya huko Prince George iwe imekuhurumia kidogo mwaka huu. Sisi huku tupo, tunapumua. Bahari imechafuka na feri haijavuka, kwa hiyo hata sijui barua itaondoka lini. Lakini nikisubiri maji yatulie ndipo nishike kalamu, ujasiri utaniishia. Ningekupigia simu, ila unanikatia kila ninapomtaja Baba. Karatasi haikatiki. Unaweza kuichana, najua hasira zako, ila nakuomba uisome kwanza mpaka mwisho.

Nianze na Kaylene, maana yote yametokea kwake. Mpwa wako sasa ni mwanamke mzima, mrefu kuliko mimi, na kwenye timu ya mpira wa kikapu ya hapa kijijini hakuna anayemfikia kwa kuruka. Tangu majira ya joto alianza kuamka vibaya. Alitoka kitandani amekakamaa kama ubao, akishika ukuta hadi jikoni, mkono mmoja kiunoni. Ajabu ni kwamba akitembea na kukimbia maumivu yalipungua, na akipumzika yalirudi. Mimi nilimwambia aache kucheza. Wenzake walimcheka, wakimwita bibi na kumuuliza kama wamletee fimbo. Naye alicheka nao, akasema bibi huyu bado atawafunga.

Kisha, siku chache kabla ya mashindano ya mpira kule mji wa Rupert, ng'ambo ya bahari, jicho lake la kulia likawa jekundu kama nyama mbichi. Hakuweza kutazama taa. Nilidhani ni moshi, kwa kuwa tulikuwa tunakausha samaki wetu wa samoni kwa moshi. Nesi wa kliniki alipomwangalia hakuridhika, akampigia simu daktari, na jioni ile ile tukaanza safari ya kwenda kwa mtaalamu wa macho. Alisema jicho limewaka kwa ndani na likicheleweshwa litaharibika. Akampa matone. Halafu akamuuliza swali ambalo sikulitegemea kwa daktari wa macho: mgongo wako ukoje asubuhi?

Ndivyo tulivyofika kwa Daktari Sandhu, mama mmoja mpole wa magonjwa ya viungo anayekuja huku mara kwa mara kutoka Vancouver. Alimpima damu, akampiga picha za kiuno na nyonga, akatukalisha. Alitueleza kwamba mwili una askari wake wa kupigana na vijidudu. Kwa watu wengine askari hao hukosea, wakamgeukia mwenye nyumba na kuwasha moto penye maungio ya mifupa, hasa chini ya mgongo, na mara nyingine hata ndani ya jicho. Moto huo ukiachwa miaka mingi, mwili hujaribu kuponya pale palipoungua kwa kuota mfupa mpya, na pingili za uti wa mgongo zikashikana zikawa fimbo moja. Alisema mbegu yake hurithiwa na kwetu sisi Wahaida ipo kwa wengi, ingawa wengi walio nayo hawaugui kamwe. Si kosa la mtu, wala ugonjwa wenyewe hauambukizi.

Kisha akauliza kama kwenye familia yupo mtu aliyepinda mgongo.

Lorne, nilimjibu bila hata kufikiri. Nilisema yupo baba yangu, lakini yeye alianguka kwenye ngazi. Daktari akasema angependa kumwona.

Baba alikataa. Alisema yeye ni mzee, mifupa yake imeshazoea kukaa ilivyo, tumwache. Dawa za Kaylene zilikuwa vidonge vya kuanzia na mazoezi ya kila siku, halafu sindano za kuwatuliza wale askari, ambazo angejidunga mwenyewe pajani kila baada ya wiki mbili. Kabla ya sindano ilibidi apimwe kifua kikuu, kwa sababu dawa hiyo ikiwalegeza askari, kifua kikuu kilicholala kinaweza kuamka. Vipimo vikatoka safi. Sindano zikaja, nikaziweka kwenye friji.

Zikakaa humo humo. Kaylene aligoma. Alisema hawezi kujidunga maisha yake yote kwa ajili ya maumivu ya kucheza mpira. Nilipomkumbusha habari ya kurithi, alinijibu kwa kiburi kile kile chako: "Nirithi kwa nani, Mama? Babu aliangushwa na Mjomba Lorne. Kwani mimi nimeangushwa na nani?" Ndiyo hadithi tuliyokua nayo sote.

Jicho likawaka tena. Safari hii alikaa chumbani amefunika dirisha kwa blanketi, akilia kimya kimya ili nisisikie. Tulimrudisha kwa mtaalamu wa macho, na aliporuhusiwa kurudi nyumbani, daktari alikuwa ameshamwambia kwamba sehemu ya uwezo wake wa kuona ameipoteza, na kwamba bahati haitamngoja kila mara. Bado aliniambia atafikiria.

Jumapili Baba alikuja kula. Nilipika supu ya samaki na viazi, nikamwekea pembeni mafuta yake ya samaki anayoyapenda. Alikuwa amekaa pale mwisho wa meza, kidevu karibu kifuani kama kawaida. Kaylene alipitisha bakuli, likagonga kikombe upande ule wa jicho lake bovu, chai ikamwagika mezani. Baba akaweka kijiko chini.

"Mgongo wangu haukuvunjwa na ngazi," alisema.

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamwambia, "Baba, kula, supu inapoa."

"Niache niseme, Leona. Nikinyamaza leo nitakufa nimenyamaza."

Akatueleza kwamba maumivu yalimwanza akiwa kijana kwenye boti za samaki, kabla hajamwoa Mama. Alikuwa akiamka kabla ya wenzake na kuzunguka sitahani ili wasimwone amekakamaa. Wewe ukiwa bado mchanga, alikwenda kwa siri kwa daktari mmoja mjini Rupert. Yule akampiga picha, akamwambia mifupa yake imeanza kushikana na kwamba wanawe wanaweza kuirithi hali hiyo. Siku zile hapakuwa na dawa ya maana. Alirudi nyumbani asimwambie hata Mama.

Kisha ikaja siku ya ngazi. Unaikumbuka kuliko mimi. Mlikuwa mnatengeneza paa la kibanda cha moshi, Mama akakuita upokee chai, ukaiachia ngazi. Baba alianguka kweli, na aliumia kweli, mbavu na bega. Lakini alipoanza kupinda watu wote walisema ni ile ngazi, na yeye hakuwakatalia.

Kaylene ndiye aliyeuliza kwa nini.

"Niliona haya," Baba alisema. "Nilimtazama mama yenu, niliwatazama nyinyi, wewe na Lorne, nikasema hawa nimewapa damu mbovu. Niliona heri mtoto mmoja ajione ana kosa kuliko wote mjue mlichorithi kwangu. Nilidhani atasahau. Hakusahau, akaondoka. Na mimi nikamwacha aende."

Kaka, nilitoka nje bila koti. Nilisimama kwenye mvua nikamtukana baba yetu kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika. Nilikukumbuka kwenye maziko ya Mama, ulivyosimama nyuma kabisa karibu na mlango, watu wakipita bila kukushika mkono, ukaondoka na feri ya kurudi. Mama naye alikufa akiamini ni wewe, na ni yeye pia kwa kukuita upokee chai. Hili ndilo siwezi kumsamehe, angalau bado.

Niliporudi ndani, Kaylene alikuwa amepiga magoti mbele ya kiti cha Baba, maana ndiyo namna pekee ya kumwona usoni. Alikuwa akimwambia, "Babu, si damu mbovu. Ni askari wajinga tu." Kisha akafungua friji. Alijidunga pale pale jikoni, akitoa matusi ya uwanjani, na Baba akimshikia pamba.

Sasa anaendelea. Asubuhi bado ngumu, ila anashuka kitandani bila ukuta. Mpira bado hajaruhusiwa. Baba naye amekubali kuonwa. Daktari amesema kilichoshikana hakitaachana tena, ila moto uliobaki unaweza kupunguzwa, alale usingizi.

Na wewe, Lorne. Ile asubuhi ya maziko nilikuona ukivaa viatu, umeketi, mguu juu ya kiti, jasho linakutoka. Uliniambia ni kazi ya mbao. Labda ni kazi. Nenda tu kwa daktari, umweleze habari ya Baba na ya Kaylene, umwambie aangalie mgongo na macho. Usingoje kama alivyongoja yeye.

Baba anajua ninakuandikia. Nilimuuliza kama niandike kwamba anaomba msamaha, akakataa. Alisema msamaha hautumwi kwa mkono wa mtu mwingine. Anataka kuja huko mwenyewe, kwa feri na kisha basi, bahari ikikubali. Anachouliza ni kama utamfungulia mlango. Nilimwambia sijui, na ukimkataa mimi sitakulaumu.

Kaylene anakusalimu sana, anasema yeye anamdai mjomba wake asiyemjua zawadi nyingi za Krismasi. Wasalimie wote wanaokujali huko. Nijibu hata kwa neno moja.

Na kama utamfungulia Baba mlango, jiandae: hawezi tena kuinua uso. Itabidi uiname wewe.

Mimi dada yako,
Leona